Barua ya wazi: Nyasi bahari za Dar es Salaam ziko chini ya ofisi gani?

Kwa:
Waziri wa Mifugo na Uvuvi
Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais (Muungano na Mazingira)
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC)
Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam
Mameya na wakurugenzi wa Kinondoni, Jiji, Temeke na Kigamboni

YAH: NYASI BAHARI KUKOSA MSIMAMIZI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mtu akikata mikoko Kunduchi, Wakala wa Huduma za Misitu ana kesi naye, kwa kuwa mikoko ya pwani yetu ni misitu ya hifadhi. Akivunja matumbawe Mbudya au Bongoyo, watu wa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu wanajua pa kumpeleka. Sasa akifukia kwa kifusi au kung'oa ekari mbili za nyasi bahari, nje ya mipaka ya hifadhi, ni nani atakayemwuliza? Swali hili nililipeleka kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini. Nikaelekezwa ofisi ya pili. Ya pili, kwa upole kabisa, ikanirudisha kwa ya kwanza. Ndiyo maana nimewaandikia nyote kwenye karatasi moja.

Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, mkazi wa Kigamboni, na kitoweo cha nyumbani kwetu kimetoka kwenye madema, mitego ya samaki ya kusuka, tangu enzi za babu. Si mtaalamu wa bahari. Wataalamu mnao nyinyi wenyewe: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) wapo Kunduchi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi ya uvuvi hapo hapo Kunduchi, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho iko Unguja. Nitakayoyasema hawa watayathibitisha kwa nusu saa, mkiwaita.

Nianze na mmea wenyewe, kwa sababu nadhani tatizo linaanzia hapo. Mtaani kila kilicho kijani baharini tunakiita mwani, na kitu kinachoitwa mwani hakuna anayekiogopea. Lakini mwani hauna mizizi ya kweli, hauna maua, hauna mbegu. Nyasi bahari ni mimea kamili, yenye vyote hivyo, ambayo wazee wake waliishi nchi kavu na kurudi baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Dunia nzima ina spishi 70 hivi tu, na zaidi ya 10 kati yake ziko pwani hii ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Chini ya mchanga kuna shina linalotambaa kwa vifundo kama tangawizi, na kila kifundo kinashusha mizizi na kupandisha majani. Kinachoonekana juu ni nusu ya mmea. Nusu nyingine ndiyo inayoushika mchanga usiondoke.

Bamvua letu, yaani siku za maji makubwa, hupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, jua likiwa tayari kali. Shuka ufukweni Mjimwema saa hiyo uende polepole kufuata maji yalikorudi. Karibu na nchi kavu utakanyaga majani membamba, mafupi, yanayostahimili kuachwa juani. Mbele kidogo yanakuja mapana zaidi, yaliyopinda, yamelaliana kuelekea upande maji yalikokimbilia. Kwenye vidimbwi, inua majani kwa kidole bila kuyang'oa: hapo pana changu wa urefu wa kucha, kamba wasio na rangi unaowaona macho tu, kaa mmoja aliyekasirika. Ukifika ukingoni, penye mwamba, utakuta mmea wenye shina gumu la kimti na kishada cha majani kileleni. Vitabuni unaitwa Thalassodendron ciliatum. Huu mbegu zake hauziachi zihangaike. Huchipua zikiwa bado kwa mama, kisha mche huachiwa uelee ukatafute pa kushika. Na kwenye tope, ile spishi kubwa kupita zote za pwani yetu, Enhalus acoroides, ambayo majani yake huweza kuzidi mita moja, ina maua ya kiume yanayokatika kule chini, yakapanda juu na kuelea, meupe na madogo, mpaka yakutane na ua la kike lililonyoosha kikonyo chake hadi usoni mwa maji. Wanafunzi wangu huwa hawaamini. Huwa nalazimika kuwachorea ubaoni mara mbili.

Sasa kuhusu chakula, maana najua mezani kwenu hoja ya tumbo husikika kuliko ya maua. Tasi anayeuzwa soko la samaki la Feri anakula majani haya na mwani uotao juu yake. Pono wa nyasi anaishi humo humo, kijani mwilini mpaka usimwone. Changu tunaowavua mwambani wakiwa wakubwa, wengi wao walilelewa nyasini wakiwa wadogo. Ongeza kamba, kaa, jongoo bahari, pweza, na kombe wanaookotwa na akina mama wakati wa kupwa, ambao kipato chao hakimo kwenye takwimu za mvuvi yeyote mwenye leseni kwa sababu hawana chombo wala nyavu. Mji una watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022. Sehemu ya samaki wao wa bei nafuu inatoka kwenye maji ya kiunoni ambayo hayajapewa ofisi.

Kasa wa kijani nao hula hapo. Nguva sitawasumbua nao sana, maana Dar hatuwaoni tena. Waliobaki Tanzania husikika zaidi upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, waliokomaa wakiwa hawafiki 250. Mnyama huyu chakula chake kikuu ni nyasi bahari, na wavu wa jarife ndio unaommaliza. Kwa hiyo anakufa kwa njaa upande mmoja na kwa nyavu upande mwingine.

Kuna kazi nyingine ya nyasi hizi ambayo serikali huifanya kwa zege. Wazee wa Kunduchi wanazikumbuka hoteli za ufukweni zilizoliwa na bahari. Tumejenga ukuta kwenye Barabara ya Barack Obama, tumejenga mwingine Kigamboni karibu na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na palipokuwa pameshaliwa sina ubishi, ukuta ulihitajika. Ila nyasi bahari huvunja nguvu ya wimbi kabla halijafika ufukweni na kuushika mchanga uliopo, hazihitaji saruji wala mkandarasi, na zikipata tope hulidaka na kulituliza. Ni ajabu kutafuta fedha za kuzuia mmomonyoko huku tukiruhusu kifusi kumwagwa juu ya kitu kinachouzuia bure.

Na afya. Utafiti uliochapishwa 2017, uliofanywa kwenye visiwa vya Indonesia vyenye majitaka yasiyosafishwa, ulikuta kwamba maji yaliyo juu ya nyasi bahari yalikuwa na bakteria wanaowadhuru watu na samaki pungufu kwa karibu nusu kuliko maji yasiyo na nyasi. Tafadhali fikirieni hilo Jumapili jioni Coco Beach inapojaa watoto.

Nije kwenye kinachoziua. Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni giza. Mmea huu unaishi kwa usanisinuru na kwa wastani unahitaji mwanga usiopungua asilimia 11 ya ule unaopiga usoni mwa maji. Ukishuka chini ya hapo unaanza kula akiba yake ya chini ya mchanga, na akiba ikiisha umekufa. Masika, simameni juu ya Daraja la Tanzanite mtazame Msimbazi unavyotoka. Maji ni ya kahawia, na ile kahawia inakwenda mbali. Hilo ni tope la mabondeni, la viwanja vilivyofyekwa vilimani, la kingo za mito zilizochimbwa mchanga wa kujengea nyumba zetu, yangu ikiwemo. Mito ya Mbezi, Tegeta, Mzinga na Kizinga inafanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa kadiri yake.

Juu ya tope hilo weka majitaka. Sehemu ndogo tu ya mji huu imeunganishwa na mabomba ya majitaka. Waliobaki ni mashimo, na mvua ikinyesha kuna wanaofungulia mashimo mtaroni usiku, jambo ambalo kila mwenyekiti wa mtaa analijua. Mbolea hiyo ikifika baharini hairutubishi nyasi kama mtu anavyoweza kudhani. Inarutubisha mwani mwembamba unaoota juu ya majani, unayafunika, na giza linarudi kwa mlango mwingine. Ukiyapitisha majani ya namna hii vidoleni yanateleza, yana ute, na ukiyafuta unakuta chini yake jani limeshageuka hudhurungi.

Bandari nayo lazima niitaje, na naomba nisieleweke vibaya. Bandari ndiyo mji. Gati namba 1 hadi 7 ziliongezwa kina hadi mita 14.5 ili meli kubwa ziingie, na hakuna Mtanzania mwenye akili timamu anayetaka meli ziende kwa jirani. Lakini uchimbaji wa namna hiyo hutibua tope, na tope lililochimbwa lazima limwagwe mahali. Panapomwagwa, muda wa kumwaga na upande mkondo unakoelekea siku hiyo ni maamuzi ya watu, hayakushushwa kutoka mbinguni. Uchimbaji ujao ukija, na utakuja, itafaa anayeamua awe na ramani mbele yake inayoonyesha nyasi ziko wapi.

Halafu kuna juya. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo ninaloliona mara kwa mara, na kwa sababu linasemwa vibaya. Juya la kukokota limepigwa marufuku kwenye Kanuni za Uvuvi za 2009, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Linavutwa mchana kweupe. Wavutaji hujipanga mafungu mawili, kamba begani, wakirudi kinyumenyume, na mguu wa chini wa wavu unaburuza juu ya nyasi umbali wote huo. Likifika nchi kavu, robo tatu ya kilichomo ni majani. Yanatolewa kwa mikono, yanatupwa pembeni yakiwa bado mabichi, na mizizi myeupe inaning'inia. Chini ya majani ndiyo samaki: tasi wa urefu wa kidole, changu wasiofika kiganja, mkundaji mmoja mmoja. Tasi hawa wana miiba yenye sumu hata wakiwa wadogo, kwa hiyo vijana wanawachambua kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu huo nikiutazama huwa najiuliza kwa nini hatukuutumia kabla wavu haujaingia majini. Wanaishia kwenye ndoo ya lita 20, wanauzwa kwa mafungu, wanakaangwa jioni hiyo hiyo.

Wanaovuta si wenye juya. Mwenye juya kwa kawaida hayupo ufukweni. Yupo nyumbani kwake, anasubiri mgao wake. Doria inapokuja inakamata wavutaji, inachoma wavu mmoja, picha inapigwa, na mwenye juya ananunua mwingine. Msipomfikia huyo hamjafanya kitu. Wala msianze na akina mama wenye vitambaa vya kutandia uduvi, maana nao ni rahisi kukamatika na ndiyo sababu hukamatwa.

Mengine niyapitie haraka. Boti za watalii zinazokwenda Mbudya na Bongoyo hutupa nanga palepale kila siku, na kila nanga inalima; dawa yake ni maboya ya kudumu ya kufungia, kitu cha gharama ndogo. Hoteli zinazofagia majani makavu ufukweni na kuyachoma zinaondoa kinachoushikilia mchanga wao wenyewe, kisha zinaomba kibali cha kujenga ukuta. Kilimo cha mwani, ambacho kwenye mipango ya uchumi wa buluu kinatajwa kila mahali, kinaleta riziki kwa wanawake wengi tangu kilipoanza kibiashara Unguja 1989, na nakiunga mkono, ila vigingi visipigwe juu ya nyasi, wala nyasi zisifyekwe kutayarisha shamba. Joto la bahari nalo linapanda, na hilo hamliwezi kutoka Dodoma. Lakini nyasi zenye mwanga wa kutosha huvumilia joto kuliko zilizoko kwenye tope, kwa hiyo hata hapo mnalo la kufanya.

Mtu atasema: mwalimu, haya ni makubwa, tutayawezaje? Mliweza la uvuvi wa baruti. Mwaka 2015 watafiti waliburuta vifaa vya kunasa sauti chini ya maji kwenye pwani yote ya Tanzania, na kwa takriban mwezi mmoja vilirekodi milipuko zaidi ya 300, zaidi ya nusu yake ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Wakazi wa Kigamboni hatukuhitaji vifaa, tulikuwa tunaisikia tukinywa chai. Mwaka huo huo kikaundwa kikosi kazi cha vyombo vingi, polisi, uvuvi, misitu na wengine, kikafuatilia baruti inakotoka badala ya kukimbizana na anayeirusha. Leo miezi hupita kimya. Ukimya huo ulikuja baada ya ofisi kadhaa kukubali kukaa pamoja na kuwajibika kwa jambo moja.

Kwa hiyo naomba hivi.

Kwanza mtaje ofisi. Moja, kwa jina, kwenye tangazo la serikali, itakayosimamia nyasi bahari zilizo nje ya hifadhi. Ndani ya hifadhi zina afadhali: Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini zilitengwa tangu 1975, na Sinda, Makatumbe na Kendwa zikafuata 2007. Majirani zetu Kenya walikuwa na mkakati wa taifa wa matumbawe na nyasi bahari wa 2014 hadi 2018, uliowekwa kwenye maandishi na wenye mwenyewe. Sisi matumbawe tunayo kwenye mabango ya utalii, nyasi hazina hata bango.

Pili, ramani. Kuanzia Mbweni hadi Pemba Mnazi, nyasi ziko wapi, spishi gani, zimeenea kiasi gani. Picha za setilaiti zipo, wanafunzi wa Kunduchi wapo, na wavuvi wa madema wanajua kila fungu kwa jina lake kuliko setilaiti yoyote. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zilipwe posho ya kuifanya kazi hiyo. Ramani hiyo ibandikwe wazi, na kila tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wa ufukweni ilazimike kuitumia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari upande wa nchi kavu. Upande wa maji hakuna anayepima chochote. Na kama kuna anayeota fedha za kaboni, yaani malipo ya kuhifadhi hewa ukaa, zenye kanuni zake tangu 2022, basi ajue kwamba nyasi bahari, zinazokadiriwa kufunika kama asilimia 0.2 tu ya sakafu ya bahari za dunia, zinafukia sehemu isiyopungua asilimia 10 ya kaboni yote inayozikwa baharini kila mwaka. Hakuna atakayenunua kaboni ambayo haijapimwa.

Tatu ni lile la juya: kesi impate mwenye nalo. Leseni yake, chombo chake, mali yake. Na kwa wavutaji, Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vikundi vya madema na mishipi vikipewa kipaumbele Mjimwema, Kunduchi na Mbweni, mtaona ni wangapi wanabaki kwenye kamba.

Ombi la mwisho ni la kuwazuia. Umoja wa Mataifa umeitenga Machi 1 kuwa siku ya nyasi bahari duniani, na nahofia ikija kushika hapa tutashona fulana, tutaita kamera, na mgeni rasmi atapanda vimiche kwenye tope lile lile lililoua vya mwanzo. Mapitio ya majaribio zaidi ya 1,700 ya kupanda nyasi bahari duniani, yaliyochapishwa 2016, yalikuta ni takriban asilimia 37 tu iliyonusurika. Upandaji uwe wa mwisho, baada ya maji kuwa safi na juya kuondoka, na ufanywe na wanaojua. Kabla ya hapo, fedha za fulana zinatosha kununua maboya ya Bongoyo.

Nitashukuru jibu la maandishi, hata la ukurasa mmoja, lenye jina la ofisi husika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa biolojia,
Kigamboni, Dar es Salaam